Nyarubanja Juu ya Jani la Kahawa

Ukiwaambia watu wa kwetu kwamba unaandika historia, wanakaa vizuri wakingoja kusikia majina ya bakama: Rumanika wa Karagwe, Kahigi wa Kihanja, nani alimpiga nani, nani aliingia kwa Mjerumani mikono mitupu akatoka na ukubwa. Leo nawaomba radhi. Historia yangu ni ya doa. Doa lenyewe halifikii hata ukubwa wa shilingi, na limekaa kimya juu ya jani la mbuni. Ndugu msomaji, usicheke bado.

Nenda kwenye kibanja chochote cha zamani, cha Kamachumu au cha Maruku, uiname chini ya mibuni iliyozeeka, kule ndani ambako jua linafika kwa kuchungulia tu. Yaache majani machanga ya juu. Shika yale ya chini, yaliyokaa mtini muda mrefu. Utaona viduara vya rangi ya kijani iliyofifia, vingine vya kijivu, vingine vinaelekea weupe, kingo zake zimekatika-katika kama petali za ua. Ukiwa na jicho kali utaona ndani yake vidoti vyeusi, vidogo kuliko mbegu ya mchicha. Kwangua kwa ukucha: havitoki. Si vumbi, wala si kinyesi cha ndege. Ni kiumbe hai. Tena, na hapa ndipo mkasa unapoanza, si kiumbe kimoja.

Wataalamu wanakiita likeni. Likeni ni kuvu na mwani waliooana mpaka ukiwatazama unaona mwili mmoja. Kuvu ni ndugu wa uyoga na wa ule ukungu wa mkate uliolala. Hana uwezo wa kujipikia chakula, lazima ale kwa mwingine. Mwani ni mmea mdogo sana, usio na mizizi wala ua, lakini una ujuzi wa kupika kwa mwanga wa jua kama jani linavyopika. Likeni nyingi mmeziona bila kuzijua: yale mabaka ya kijivu kwenye magome ya miti na juu ya mawe ya makaburi. Ila ziko zilizochagua kukaa juu ya majani mabichi ya misitu ya mvua. Za namna hii zimehesabiwa zaidi ya aina 800 duniani. Hii ninayoisema mimi ni ya jamii ya Strigula, jina ambalo Mswidi Elias Fries alilitoa mwaka 1823, na mwani wake unaitwa Cephaleuros.

Hapa lugha zetu mbili zimefanya mzaha wenyewe bila kuombwa. Mtu wa Paje au Jambiani ukimtajia mwani, anaona majani ya bahari yanayoanikwa mchangani. Mhaya ukimtajia omwani, anaona mti wa kahawa nyuma ya nyumba. Basi kwenye jani hili mwani umekaa juu ya omwani. Nilipoligundua hilo nilicheka peke yangu hadi mdogo wangu akauliza kama nimeanza kuumwa.

Kwa nini likeni hizi zinakaa kwetu? Kwa sababu ya ziwa. Mji wa Bukoba unapata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na ukienda Muleba ukanda wa ziwani nao haukauki sana. Msitu wenyewe wa asili, ule unaofanana na wa Kongo, umebaki zaidi Minziro, kaskazini ya mto Kagera mpakani na Uganda. Lakini wazee wetu walipofyeka msitu walijenga mwingine bila kuuita msitu. Kibanja ni nini? Mibuni chini ya migomba, migomba chini ya mitoma iliyokuwa ikitoa nguo za magome, na juu ya yote misizi mirefu. Ni ghorofa. Unyevu unakaa ndani, upepo unapita juu. Likeni haikuuliza kama msitu huo umepandwa na Mungu au na babu.

Na maisha yake ni ya haraka. Likeni ya jiwe inaweza kungoja miaka mingi; ya jani haiwezi, maana jani litadondoka tu. Kabla ya siku hiyo lazima iwe imekwisha kukua na kutoa mbegu zake (mbegu ninasema kwa kurahisisha, ni vumbi laini linalotoka kwenye vile vidoti vyeusi) ili ziangukie majani mengine. Ni kama mtu aliyejenga kwenye kiwanja ambacho anajua mwaka kesho kitachukuliwa.

Sasa habari ya walioiangalia. Mwezi Novemba 1890 Emin Pasha, Mjerumani aliyepata kuwa gavana wa jimbo la Ikweta chini ya serikali ya Misri, alianzisha kituo cha Bukoba. Alifuatana na Franz Stuhlmann, kijana wa miaka 27, rika langu hasa. Wengine walihesabu bunduki na pembe. Stuhlmann alikusanya mimea. Alikata matawi, akayakausha kati ya karatasi, akaandika mahali na tarehe, akasafirisha. Kitabu chake cha safari ile kilitoka mwaka 1894. Mwaka uliofuata Adolf Engler wa Berlin aliutangaza msizi kwa jina la kitaalamu Maesopsis eminii, yaani wa Emin. Hivyo ule mti ambao sisi tunauita omuhumula, tunaochonga mitumbwi na kupasua mbao, umevaa jina la mtu aliyekaa Bukoba miezi michache tu akaondoka, na mwaka 1892 akauawa Kongo.

Mimea mingi ya Stuhlmann iliwekwa Berlin. Usiku wa tarehe 1 Machi 1943 mabomu ya Waingereza yaliangukia jumba la kuhifadhia mimea iliyokaushwa huko Berlin, na sehemu kubwa ikateketea. Niliposoma habari hiyo nilikaa kimya kidogo. Majani yaliyochumwa pembeni mwa ziwa letu, yakavuka nchi kavu na bahari, yakakaa kabatini zaidi ya miaka hamsini, halafu yakaungua katika vita ya watu wengine. Na nani anajua juu ya majani hayo kulikuwa na madoa mangapi, maana mkusanyaji wa majani hukusanya na wapangaji wake bila kukusudia.

Likeni za Afrika Mashariki zenyewe zilikuwa zinapelekwa kwa mzee mmoja Geneva, Johannes Müller, aliyejiita Argoviensis kwa sababu alitoka Aargau na kina Müller walikuwa wengi mno. Mwaka 1890 alichapisha orodha ya likeni za upande wetu wa Afrika, na mwaka 1894 akachapisha ya likeni za Usambara. Alizipa majina kwa wingi. Ila, na hili ndilo linalonifurahisha, mzee huyo hakukubali kamwe kwamba likeni ni viumbe viwili. Alibatiza watoto huku akikana wazazi wao.

Maana wakati huo kulikuwa na ugomvi mkubwa. Mwaka 1869 Mswisi mwingine, Simon Schwendener, mtoto wa mkulima, alitangaza waziwazi kwamba ile inayoitwa likeni si mmea mmoja. Ni kuvu aliyeuzingira mwani na kuutumikisha. Mfano alioutumia ni wa bwana na watumwa: kuvu ndiye bwana, mwani ndio watumwa waliofungiwa ndani wampikie. Wakubwa wa elimu ile walimzomea. Nylander kule Paris, Crombie kule Uingereza, na Müller wetu wa Geneva, wote walimwona mtu wa kuchafua kazi nzuri. Walikuwa wametumia maisha yao yote kuzipa likeni majina kama mimea kamili, leo kijana anakuja kuwaambia kwamba walichokuwa wanakibatiza ni ndoa.

Waliosaidia kuumaliza ugomvi huo hawakutumia likeni za Ulaya peke yake. Jani la nchi za joto lilitoa ushahidi, na kahawa ilikuwa karibu. Mwaka 1880 Waingereza walimpeleka kijana Harry Marshall Ward kisiwa cha Ceylon, Sri Lanka ya leo, kuchunguza kutu ya majani iliyokuwa inaua mashamba ya kahawa ya walowezi. Alikaa hadi 1882. Mashamba hakuyaokoa, yalikufa na Ceylon ikageukia chai. Lakini jicho lake lilikuwa limezoea kutazama madoa ya majani, na mwaka 1884 alichapisha uchunguzi mrefu juu ya Strigula. Alionyesha hatua kwa hatua jinsi ule mwani unavyoota chini ya ngozi laini ya jani, ukitanuka duara kama chapati, na jinsi nyuzi za kuvu zinavyofika baadaye, kuuvamia, kuuzunguka, mpaka lile duara la mwani likageuka likeni. Wawili kabla, mmoja baadaye. Mwenye macho aliona.

Sasa niseme langu. Nilipousoma mfano wa Schwendener wa bwana na mtumwa, sikuona Uswisi. Niliona nyarubanja.

Kwa msomaji asiye wa Buhaya: nyarubanja ilikuwa ardhi ambayo omukama alimgawia ndugu yake au mtu wake mkubwa, pamoja na watu waliokuwa wanaishi juu yake. Siku hiyo mkulima anaamka akiwa mtwarwa. Kibanja ni kile kile, migomba ni ile ile aliyoipanda baba yake, lakini kila mwaka sehemu ya mavuno inakwenda kwa mwenye nyarubanja. Mambo haya yalikuwapo kabla ya Mzungu, ila kahawa ilipopata bei, tamaa ya wakubwa nayo ilipanda. Serikali ya Tanzania iliivunja kwa sheria ya mwaka 1965 iliyowapa watwarwa haki ya kuwa wenye ardhi.

Basi tazama jani. Jani ni ardhi. Mwani ndio uliotangulia kufika, ukapanda, ukapika. Kuvu amekuja nyuma, akajenga juu yake, na sasa anakula sehemu ya mavuno. Ati na jina la kitaalamu la likeni nzima ni la kuvu. Mwani unabaki kutajwa ndani kama mtu wa nyumbani. Mnaona? Na kuna jambo moja ambalo watwarwa wa zamani wangelifurahia: mwani ule wa Cephaleuros unaweza kuishi peke yake bila kuvu, na mara nyingi unaishi. Utauona kwenye majani ya mibuni, michai, mipera, ukiwa madoa ya rangi ya chungwa yenye manyoya laini kama mahameli. Kuvu wa Strigula ndiye asiyeweza kukaa bila mwani. Mkubwa bila mtwarwa analala njaa. Mtwarwa bila mkubwa analala ameshiba.

Lakini Mjerumani Anton de Bary alikuja na neno jingine mwaka 1879, simbiosisi, maana yake tu viumbe wa namna mbili kuishi pamoja. Hakusema nani bwana. Watu walilipokea neno hilo wakalilainisha, mpaka shuleni tukafundishwa kwamba kuvu anatoa nyumba na maji, mwani unatoa chakula, wote wanafurahi, andikeni kwenye madaftari. Hiyo si nyarubanja tena, hiyo ni omukago, undugu wa damu. Wazee wetu walipofunga omukago walichukua tunda la kahawa, ambalo ndani yake mna punje mbili zilizolala kifua kwa kifua. Kila mmoja anachanja ngozi yake, anapaka damu kwenye punje, mwenzake anaimeza. Kuanzia hapo nyumba yangu ni yako, na ukinisaliti, ile punje iliyo tumboni inakuua.

Nyarubanja au omukago? Nimelizungusha swali hili kichwani kwa miezi, na nimeamua kutokuwa mpole. Kwa Strigula naona nyarubanja. Kuvu anaukuta mwani ulioanza maisha yake bila kumhitaji, anaufunika, anakula. Kwamba mwani haufi upesi si ushahidi wa undugu. Hata mwenye nyarubanja hakutaka mtwarwa wake afe. Kwa likeni nyingine huenda hukumu ikawa tofauti. Tena mambo yanazidi kuwa na watu wengi: mwaka 2016 Toby Spribille na wenzake walitangaza kwamba katika likeni nyingi kubwa kuna kuvu wa pili, wa jamii ya hamira, amejificha katika ngozi ya nje. Miaka karibu 150 watu wanagombana kuhusu wawili, kumbe chumbani mlikuwa na mtu wa tatu.

Nirudi kidogo kwa Stuhlmann ili nisimwache njiani. Baada ya Bukoba alipanda vyeo, na kuanzia mwaka 1903 alikuwa mkuu wa kituo cha uchunguzi cha Amani, Usambara. Huko huko Mjerumani mwenzake Albrecht Zimmermann aliiita kahawa yetu Coffea bukobensis, kahawa ya Bukoba, akidhani ni aina ya pekee. Baadaye wakaona ni ile ile robusta, jina likafutwa. Nakiri liliniuma. Na ni Usambara hiyo hiyo, si Bukoba, ambayo ilikuja kupata bahati ya kuchunguzwa likeni zake za majani: Mhungari Tamás Pócs, aliyefundisha Morogoro, alikusanya sana katika milima ya mashariki, na mwenzake Edit Farkas akaanza kuchapisha orodha za Usambara mwaka 1987. Wote walitembea katika njia iliyofyekwa na Mswidi Rolf Santesson, ambaye kitabu chake cha mwaka 1952 ndicho kilichozipanga upya likeni za majani duniani kote.

Mtu ataniuliza: kijana uliyemaliza kidato cha nne, una riwaya yenye kurasa mia na arobaini isiyotaka kwisha, doa linakuhusu nini? Linanihusu kwa sababu lilikaribia kutung'olea kibanja.

Mibuni ya bibi yangu ni ya zamani. Babu aliirithi akiwa mtwarwa, na bibi anakumbuka magunia yaliyokuwa yanatoka kwenda kwa mwenyewe kabla ya nyumba kupata hata chumvi. Mavuno ya kwanza baada ya ile sheria yalipoanikwa, babu hakuingia ndani kulala. Alilala uani kando ya jamvi la kahawa. Si kwa kuogopa wezi, bibi anasema. Alitaka tu kulala nayo.

Sasa baba mdogo alikuja kutoka mjini akaingia shambani, akashika jani, akashtuka. Madoa! Akashika la pili, madoa. Akatangaza kwamba miti yote imeoza, ing'olewe, ipandwe mikaratusi ambayo haina maneno mengi. Msimlaumu upesi. Watu wa Kagera wana sababu ya kuogopa. Mnyauko wa kahawa uliingia kwetu, ukathibitishwa mwaka 1997, baada ya kuonekana Uganda mwaka 1993, na vibanja vizima vilikauka vikawa kuni. Halafu migomba nayo ikapata mnyauko wake, tukakata na kufukia. Mtu aliyezika vitu vingi hapendi kuona doa.

Bibi alikuwa amekaa mlangoni anamenya ndizi. Akamwambia mwanawe, "Nilikuzaa wewe miti hiyo ilikwisha kuzaa. Uking'oa, anza na mimi."

"Mama, si ugomvi. Ni ugonjwa, waitu."

"Ugonjwa gani hauna jina?"

Hapo ndipo nilipopata kazi. Nilikuwa na lenzi ya mkono ya zamani na yale niliyoyasoma. Nikamwomba baba mdogo twende pamoja mti kwa mti, yeye na panga, mimi na lenzi. Kutu ya kahawa iko upande wa chini wa jani, inaacha unga wa rangi ya chungwa kidoleni. Mwani ulio peke yake uko juu, una manyoya. Likeni ni ile ya kijani na kijivu yenye vidoti, haikwanguki. Mnyauko hauhitaji hata kutazama madoa: mti unakauka, na ukiubandua gome karibu na ardhi unaona michirizi ya buluu na weusi kwenye mti wenyewe. Tulibandua magome kidogo-kidogo mchana kutwa. Miti minne ilikuwa na ile michirizi. Cha ajabu, mmoja kati ya hiyo minne majani yake machache yaliyobaki yalikuwa safi kabisa, yanang'aa. Ile yenye madoa mengi kuliko yote, iliyo chini ya msizi mkubwa, ndani ya gome ilikuwa nyeupe kama muhogo.

Minne tuliikata tukaichoma pale pale iliposimama, ili tusitembeze ugonjwa. Bibi hakuja kutazama moto. Mahali pake tumeahidiana kupanda miche ya Maruku, ile iliyochaguliwa kwa kustahimili mnyauko.

Jioni baba mdogo alinawa mikono, akachukua jani moja lenye madoa, akaligeuza-geuza kwenye mwanga wa mlango.

"Kwa hiyo haya mambo yako yanaongeza kilo?"

"Hayaongezi, baba."

"Yanapunguza?"

"Si kwa mzani wa chama."

Akaliweka jani juu ya meza, akaniuliza kama rubisi ya bibi imekwisha kuiva.